Swichi za vinasaba na hatima ya mtoto mwenye selimundu

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam, neno DNA husikika pale penye mgogoro. Baba amemkana mtoto, ndugu wanagombea mirathi, au mwili umeopolewa baharini na hautambuliki. Ndipo sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na watu wakasubiri majibu kwa wasiwasi. Tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Vinasaba vya Binadamu mwaka 2009, kazi hiyo ina utaratibu wake wa kisheria, na majibu yake yamebadili maisha ya familia nyingi, kuanzia Kimara hadi Temeke.

Lakini kuna jambo moja katika vipimo hivyo ambalo wengi hawalitilii maanani. Mtaalamu wa maabara anaweza kuchukua ute uliofutwa ndani ya shavu, tone la damu au unywele uliong'olewa na shina lake, na bado akapata jibu lile lile. Sababu ni kwamba karibu kila seli ya mwili ina nakala kamili ya vinasaba vile vile: seti moja ya herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa baba, na nyingine kama hiyo kutoka kwa mama.

Hapo ndipo linapozuka swali. Iwapo seli ya msuli wa paja na seli ya ubongo zimebeba kitabu kimoja, neno kwa neno, kwa nini ya kwanza hujikunja na kunyooka, na ya pili hupeleka taarifa na kutunza kumbukumbu? Kwa nini ini halioti meno, wala jicho halitengenezi nyongo? Kwa miongo kadhaa swali hilo lilibaki la wanasayansi peke yao. Leo jibu lake limegeuka kuwa suala la uhai kwa maelfu ya watoto wa Kitanzania waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu.

Nyumba moja, swichi nyingi

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni zote hizo zikiunganishwa, maelekezo yenyewe hayafiki asilimia 2 ya vinasaba vyote. Sehemu kubwa iliyobaki iliwahi kuitwa takataka na baadhi ya wataalamu, kwa kuwa haikuonekana kuwa na kazi. Baadaye ilibainika kuwa ndani ya eneo hilo, ambalo kwa sehemu kubwa bado halijafahamika vyema, zimetawanyika swichi zinazoamua jeni ipi iwashwe, katika seli ipi, wakati gani na kwa kiasi gani.

Mfano wa karibu ni nyumba ya kupanga, ya aina inayoonekana kwa wingi Kimara Korogwe au Kimara Baruti. Umeme unaoingia ni mmoja na waya zimepita vyumba vyote. Hata hivyo, chumba kimoja kinawaka taa, kingine kinaendesha friji na cha tatu kiko gizani kwa sababu mwenyewe amekwenda kazini. Hakuna anayesema vyumba hivyo vina umeme tofauti. Kinachotofautiana ni swichi, na mkono unaozigusa.

Swichi ya kwanza ya aina hiyo ilielezwa mwaka 1981 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi. Walichukua kipande cha vinasaba vya kirusi kiitwacho SV40, wakakiunganisha na jeni ya damu ya sungura, na jeni hiyo ikafanya kazi kwa nguvu nyingi zaidi. Kilichowashangaza wengi ni kwamba kipande hicho kilifanya kazi hata kilipowekwa mbali na jeni yenyewe. Vipande vya namna hiyo vikapewa jina la enhansa. Mwaka 1983 ikafahamika kuwa jeni za kingamwili zina enhansa yao, na kwamba hiyo hufanya kazi ndani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, lakini hulala katika seli nyingine.

Utendaji wake unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kila swichi imeandikwa kwa maneno mafupi ya vinasaba, ya herufi 6 au zaidi kidogo. Ndani ya seli kuna protini maalumu zinazoyatambua maneno hayo na kuyashika. Zikishakaa juu ya swichi, uzi wa vinasaba hujipinda, swichi iliyokuwa mbali ikakutana na mwanzo wa jeni, na jeni ikaanza kunakiliwa. Seli isiyo na protini hizo ina swichi ile ile, lakini haina mkono wa kuigusa.

Misuli na ubongo

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwenye misuli. Mwaka 1987 watafiti wa mjini Seattle, Marekani, walitambua jeni waliyoiita MyoD. Walipoiwasha ndani ya seli za panya zisizokuwa za misuli, seli hizo zilianza kugeuka misuli. Protini ya MyoD hutafuta neno fupi la herufi 6, linaloanza na CA na kumalizika na TG, kwenye swichi za jeni za misuli. Ikilipata, huanza kuziamsha jeni hizo.

Ubongo umetumia pia njia ya kufunga. Mwaka 1995 watafiti walieleza protini iitwayo REST, ambayo katika tishu nyingi zisizo za neva hukalia jeni za neva na kuzizuia zisifanye kazi. Seli inapokua na kuwa ya neva, protini hiyo hupungua na jeni zilizokuwa zimefungwa zikafunguka. Kwa maana hiyo, seli hujulikana kwa jeni zilizowashwa ndani yake, na pia kwa zile zilizozimwa.

Elimu hiyo imekwishafika hospitalini, ingawa mgonjwa hatajiwi jina lake. Daktari anayemshuku mtu kuwa na shambulio la moyo huagiza damu ipimwe troponini ya moyo. Kipimo hicho kina maana kwa sababu protini hiyo hutengenezwa na msuli wa moyo, huku misuli ya mikono na miguu ikiwa na za kwake. Ikionekana kwa wingi kwenye damu, daktari hujua kwamba ni moyo ulioumia, kwani swichi za tishu ndizo zilizoipa protini hiyo anwani.

Ushahidi wa Afrika Mashariki

Mabadiliko ya swichi yamo pia katika miili ya watu wa ukanda huu. Kwa kawaida mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, na jeni yake huzimika kadiri anavyokua. Ndiyo maana watu wazima wengi duniani hujaa gesi au kuharisha wanywapo maziwa mabichi. Mwaka 2007, timu iliyoongozwa na Profesa Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti uliohusisha watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Ilibainika kuwa miongoni mwa jamii za wafugaji kuna badiliko la herufi moja, lililo umbali wa herufi zipatazo 14,000 kutoka kwenye jeni ya kimeng'enya hicho, ambalo huiacha jeni ikiwaka hata ukubwani. Badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu, ingawa yote mawili yamegusa swichi ile ile.

Mfano wa pili unahusu malaria. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana, juu ya chembe zao nyekundu za damu, protini iitwayo Duffy, ambayo vimelea vya Plasmodium vivax huitumia kama mlango. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa walionyesha chanzo chake: herufi moja imebadilika kwenye swichi inayotumika katika chembe nyekundu, mahali pa kushikwa na protini iitwayo GATA1. Jeni yenyewe ni nzima, na protini ya Duffy huendelea kutengenezwa katika tishu nyingine, ubongo ukiwamo. Mlango umezibwa kwenye damu peke yake, na kwa kiasi kikubwa vimelea hivyo hukwama. Bahati mbaya, Plasmodium falciparum, vinavyoongoza kwa kuua nchini, hutumia milango mingine.

Mifano hiyo miwili ina funzo moja. Jeni inayofanya kazi sehemu nyingi za mwili inaweza kuzimwa au kuwashwa katika tishu moja tu, bila kuharibu kazi yake kwingineko. Funzo hilo ndilo lililofungua njia ya tiba mpya ya selimundu.

Miezi ya kwanza ya mtoto

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yaliyonukuliwa kwa miaka mingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Chanzo ni herufi moja iliyobadilika katika jeni ya himoglobini. Mwaka 1954 Dk. Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kuwa mtu aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye huugua.

Hapa mtaani huzaliwa maneno mengi yasiyo na msingi. Wazazi wawili wenye afya njema humpata mtoto mgonjwa, na lawama humwangukia mama, mara kwa kusingiziwa uchawi, mara kwa kutiliwa shaka uaminifu wake. Ukweli ni kwamba wote wawili wamebeba badiliko hilo bila kuumwa, na katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hakuna mmoja anayeweza kuubeba mzigo huo peke yake.

Wazazi hao hukumbuka pia kwamba mtoto alizaliwa mzima. Dalili huanza kujitokeza baada ya miezi kadhaa, mara nyingi karibu na mwezi wa 6: mikono na miguu huvimba, macho huwa ya njano, damu hupungua na maumivu huja bila taarifa. Nayo ni kazi ya swichi. Akiwa tumboni, mtoto hutumia himoglobini ya kijusi, inayotoka kwenye jeni nyingine isiyo na kasoro. Baada ya kuzaliwa, jeni hiyo huzimwa hatua kwa hatua na ile ya ukubwani huchukua nafasi. Kasoro iliyokuwa imejificha hujitokeza wakati huo.

Kwa hiyo kila mgonjwa wa selimundu ana dawa yake ndani ya mwili, ila imefungiwa. Wale ambao kwa asili himoglobini yao ya kijusi haikuzimika kabisa huwa na unafuu. Suala likawa ni kumtafuta anayeizima.

Kukata swichi na kuiacha jeni

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walibainisha kuwa mhusika mkuu ni protini iitwayo BCL11A. Tanzania ilikuwa na mchango wake katika safari hiyo. Programu ya selimundu iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani iliandikisha maelfu ya wagonjwa, na tafiti zilizochapishwa mwaka 2011 na 2014 kutokana na damu yao zilithibitisha kuwa tofauti ndogo kwenye eneo la BCL11A huamua kwa sehemu kiwango cha himoglobini ya kijusi alichonacho mgonjwa wa Kitanzania.

Wazo la kuiharibu kabisa jeni ya BCL11A lingekuwa la hatari. Protini hiyo inahitajika katika ukuaji wa ubongo, na watoto waliozaliwa na nakala moja iliyoharibika huchelewa kukua kiakili. Inahitajika pia na chembe za kinga na seli shina za damu. Jawabu lilipatikana mwaka 2013, pale ilipogundulika kuwa ndani ya jeni hiyo kuna enhansa inayotumika katika seli zinazozaa chembe nyekundu za damu, wakati ubongo na chembe za kinga hutumia swichi nyingine. Tofauti ndogo zilizoonekana kwa wagonjwa, wa Muhimbili wakiwamo, zimekaa katika eneo hilo.

Kilichobaki kilikuwa chombo cha kukatia. Mkasi wa vinasaba uitwao CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, ulielekezwa kwenye sehemu inayoshikwa na GATA1, protini ile ile iliyotajwa katika kisa cha Duffy. Seli shina za mgonjwa hutolewa, hukatwa swichi hiyo maabara, kisha hurudishwa mwilini. Chembe nyekundu zinazozaliwa baada ya hapo huanza tena kutengeneza himoglobini ya kijusi.

Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy, Novemba 2023, na Marekani ikafuata Desemba mwaka huo huo. Katika takwimu zilizotumiwa na mamlaka ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Zaidi ya Sh5 bilioni kwa mgonjwa mmoja

Hata hivyo, bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, yaani zaidi ya Sh5 bilioni. Juu ya hapo, mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuondoa uloto wake wa zamani, hulazwa kwa wiki kadhaa na huwa katika hatari ya kupoteza uwezo wa kuzaa. Hiyo ni tiba inayohitaji hospitali yenye damu salama ya kutosha, vyumba vya kumkinga mgonjwa na maambukizi, na maabara isiyokatikiwa umeme.

Ni dhahiri kuwa hapo pana kitendawili cha haki. Ugonjwa uko zaidi Afrika, na sehemu ya maarifa ilitoka katika damu ya Waafrika, lakini tiba imewafikia kwanza wagonjwa wachache wa nchi tajiri. Wapo wanaosema nchi kama Tanzania isijihusishe na sayansi ya gharama hiyo wakati zahanati zinakosa dawa za kawaida. Hoja hiyo ina uzito, lakini ina kasoro: nchi isiyo na wataalamu wala maabara haitakuwa na sauti siku bei itakaposhuka, na itaendelea kutoa sampuli huku wengine wakitoa uamuzi.

Aidha, si kila tiba ya swichi huenda salama. Tiba ya Elevidys, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa Duchenne, hutumia swichi iliyotengenezwa ili protini izalishwe kwenye misuli na moyo. Swichi hiyo haikuweza kukizuia kirusi kinachobeba jeni kisiingie kwenye ini, na mwaka 2025 viliripotiwa vifo vya vijana wawili waliopatwa na kushindwa kwa ini baada ya kutibiwa. Swichi huamua jeni iwake wapi. Haiamui mzigo mzima ufike wapi.

Kilicho karibu na mkono

Kwa mzazi wa Kimara, aliye kati ya Muhimbili ya Upanga upande wa mjini na Mloganzila upande wa pili wa Barabara ya Morogoro, swali la leo ni dogo zaidi na la haraka zaidi. Upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu umekwishaanza nchini, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, iliyotangaza mafanikio yake mwaka 2023. Lakini huhitaji mtu wa kuchangia anayelingana, na kwa kawaida ndugu mmoja wa baba na mama ana uwezekano wa 1 kati ya 4 tu wa kulingana na mgonjwa.

Kinachoweza kuwafikia wengi ni kidonge cha haidroksiyurea, kinachopandisha himoglobini ile ile ya kijusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto 606 katika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kuwa kidonge hicho kilipunguza maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu, malaria na vifo. Vyuo na kampuni kadhaa sasa vinatafuta vidonge vingine vitakavyogusa mfumo huo kwa uhakika zaidi, bila kuhitaji mkasi wala chumba maalumu.

Kidonge, hata hivyo, hakimsaidii mtoto asiyejulikana kuwa mgonjwa. Tone la damu kutoka kisigino cha kichanga linatosha kugundua selimundu kabla himoglobini ya kijusi haijazimika, na dirisha hilo la miezi michache ndilo la kuanzisha penisilini, chanjo na kinga ya malaria. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo cha sheria hiyo kwa familia hizi kitakuwa chepesi kukisoma: iwapo kichanga anayezaliwa Kimara, Temeke au kijiji cha Kanda ya Ziwa atapimwa kabla ya kuondoka hospitalini, na iwapo kidonge chake kitakuwapo dirishani kila mwezi bila mama kuulizwa ana shilingi ngapi.

Sayansi imekwishaonyesha ilipo swichi na inavyozimwa. Kuwapima watoto mapema na kuwafikishia dawa ni kazi ya Serikali na jamii, na haihitaji kusubiri mkasi wa Sh5 bilioni.